Kisangani: Orodha ya wakimbizi wa ndani ilindwe njiani

Tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza mwaka 2023, familia nyingi zimekimbilia Kisangani. Majina yao, hesabu ya watoto na vijiji walikotoka vinabaki ndani ya simu za wafanyakazi wa misaada, wanaovuka mto Congo kwa mtumbwi kati ya Lubunga na mjini.

Simu ikiibwa bandarini, hasara ya mwenyewe ni bei yake. Lakini adui akisoma orodha, anajua familia imejificha wapi. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia katika habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Kama wakubwa waliingiliwa, simu isiyo na namba ya siri je?

Sheria ya numeriki ya Machi 2023 inalinda habari za mtu. Ila njiani, mlinzi ni mfanyakazi mwenyewe: afunge simu kwa namba ya siri, asiiazime mtu, afute orodha akiisha kuituma ofisini. Na mama anayeandikwa ana haki ya kuuliza: «Jina langu litabaki kwa nani?» Anastahili jibu kabla ya kutia kidole.