Kwaherini, Vijana wa Bomba Moja

Msomaji mpendwa, lau ungefika kwenye ploti yetu hapa Kawangware baada ya shule kufunguliwa Januari 2026, ungedhani kuna matanga. Hakuna makelele bombani, hakuna mpira wa matambara unaogonga mlango wangu wa mabati, wala hakuna anayebishana na yeyote. Vijana wetu 4 walimaliza Gredi ya 9 wakaingia sekondari pevu.

Hawa, usisahau, ndio waliofyekea wengine njia ya mtaala wa CBC. Walikuwa Gredi ya 4 korona ilipofunga shule Machi 2020, wakawa miongoni mwa wa kwanza kurudi Oktoba mwaka huo. Walifanya mtihani wa Gredi ya 6 mwaka 2022 na ule wa Gredi ya 9 mwaka 2025, yote ikifanywa kwa mara ya kwanza nchini. Nasi watu wazima je? Tulikesha tukishona sanamu za kutishia ndege, sisi ambao shamba letu ni mkebe wa sukuma wiki mlangoni! Sanamu zilipata alama nzuri. Wenye kazi walikuwa wamelala fofofo.

Basi niruhusu niwaage mmoja mmoja.

Kwanza ni Mshika Kengele. Alikabidhiwa kengele ya shule kwa kuwa sauti yake ilifika hadi stesheni ya 46. Ajabu ni kwamba hakuna aliyechelewa kuliko yeye. Siku moja mwalimu aliigonga mwenyewe, kisha akafunga lango, mshika kengele akabaki nje akisoma saa ya kinyozi.

Wa pili ni Wakili. Huyu anajua sheria zote isipokuwa ile ya kunyamaza. Nilimtuma chapati 5 akaniletea 4, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amenithibitishia kuwa ya tano ilikuwa nauli. Mwenye ploti alipokuja kudai kodi, kina mama walimtanguliza Wakili. Mzee aliondoka akiahidi kutengeneza choo.

Wa tatu ni Kipa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, mpira wa juala umekuwa adimu, naye akawa fundi wa kushona wa matambara. Langoni mwake hakipiti kitu. Taabu ni kwamba hata vitabu vilipojaribu kuingia kichwani, alividaka akavirusha nje. Kila muhula ripoti yake ilisema "anakaribia matarajio". Miaka yote anakaribia tu, kama matatu ambayo makanga wake anaapa imebakisha mtu mmoja ijae!

Wa nne tunamwita Kimya. Analelewa na nyanya yake. Kila alfajiri alisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji ya lita 20, akauza, akaoga, akaenda shule. Redio yangu aliitengeneza bila kuniambia ilikuwa na ugonjwa gani. Matokeo yalipotoka Desemba 2025, aliwapita wote, akaitwa shule ya bweni ya mbali.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mshika Kengele na Wakili walipita nyumba hadi nyumba wakichangisha. Huyu alitoa shuka, yule kipande cha sabuni, mwingine sanduku la bati lililobonyea pembe. Karo ya muhula wa kwanza ilipatikana kwa jasho. Lakini mkokoteni je? Ugali wa nyanya ulitoka kwenye mitungi ile.

"Anti, nitaomba shule ya kutwa hapa karibu," Kimya aliniambia, macho chini.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, nilisikia magurudumu. Nilichungulia nikamwona Kipa, aliyepata shule ya kutwa hapa mtaani, ameshika mkokoteni. Hakuwa ameombwa na mtu. Tangu siku hiyo husukuma maji kabla ya masomo, na pesa humkabidhi nyanya.

"Anamwaga nusu njiani," nyanya alininong'oneza, huku akimwekea chai.

Kimya alisafiri na sanduku lake. Ripoti ya Kipa ingali inasema anakaribia, lakini mimi nimeshamwona akifika.

Nawe mzazi mwenzangu, ukishika karatasi ya alama za mwanao, soma pia yale ambayo hayakuandikwa humo. Tukutane Jumapili ijayo.