Kusingizia Mashine

Liko neno moja ambalo sisi waalimu tumelizoea sana siku hizi, nalo ni hili: "Mashine imekataa." Mtu huitwa kusema mbele ya wenziwe, huja na kompyuta mpakato begani, huchomeka waya huku na huku, hugeuka akautazama ukuta, na ukuta ni mweupe vile vile. Basi husema, mashine imekataa; nasi tulioketi hutikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba tumeambiwa mto umejaa na kivuko hakipitiki. Twasema wazi kwamba neno hilo si kweli, na huruma hiyo si mahali pake. Mashine haina moyo wa kukataa. Aliyekataa ni mtu, naye alikataa kujifunza.

Na tutoe habari ya jambo tuliloliona wenyewe. Si zamani tulialikwa waalimu 60 katika mafunzo ya siku moja juu ya kuwafundisha kusoma watoto wa darasa la kwanza. Wako waliotoka kwao alfajiri, na wako waliolala njiani. Saa mbili na nusu asubuhi msemaji akasimama. Kompyuta yake ilikuwa mpya, nyembamba, haina tundu ila lile dogo la USB-C. Na waya uliokuwa ukining'inia kwenye projekta ulikuwa wa VGA, wenye kichwa kipana cha vijino 15. Viwili hivyo havijuani kabisa. Akatafutwa fundi wa ukumbi, kumbe amekwenda mazikoni. Kabati lake limefungwa, na rimoti imo ndani ya kabati. Mwalimu mmoja akatoa adapta mfukoni. Iliingia vizuri, lakini picha haikutoka, maana ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya flashi na kipanya tu. Kijana akapanda pikipiki mpaka mjini, akarudi na adapta nyingine pamoja na waya wa HDMI. Vikachomekwa, na ukuta ukabaki mweupe! Watu wazima watatu wakasimama wakiikodolea macho projekta, hata mmoja wao akabonyeza kitufe kidogo kilichoandikwa Source, na mara ile picha ikatokea. Projekta ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilikuwa ikingoja habari katika tundu la VGA, nasi tulikuwa tukiipelekea katika tundu la HDMI.

Dakika 40 zilikuwa zimekwisha pita. Na dakika 40 za watu 60 ni saa 40 za kazi. Walakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Msemaji alipoona jua limepanda alianza kuharakisha, na sehemu ya mwisho, iliyohusu mtoto anayeziona herufi wala asiweze kuzitamka, aliipita kwa maneno machache. Ndiyo hasa iliyotutoa makwetu. Watoto wa namna hiyo tunao darasani, na siku ya pili tulirudi kwao mikono mitupu.

Mwaka 1854 David Livingstone alifika kwa Shinte, mtawala wa Balonda, naye alikuwa na taa ya picha. Alionyesha picha ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka. Na kioo chenye picha kilipovutwa, wanawake walidhani kisu chawajia wao, wakakimbia. Walikimbia kweli, lakini picha waliiona. Mwenye taa aliijua taa yake.

Najua wako watakaotujibu ya kuwa hiyo ni kazi ya fundi. Hatukubali. Nyumbani hatumwiti fundi wa umeme aje kutuwashia taa. Kutengeneza projekta iliyoharibika ni kazi ya fundi, lakini kuitumia iliyo nzima ni kazi ya yule anayeitumia. Na anayengoja fundi kwa neno dogo kama hilo amempa mtu mwingine ufunguo wa somo lake.

Wengine husema, vyombo hivi hubadilika kila mwaka, nani awezaye kuvifuata? Havibadiliki upesi hivyo. VGA ilitolewa na IBM mwaka 1987. Mwezi wa Desemba 2010 Intel, AMD na makampuni mengine yalitangaza kwamba yataiacha ifikapo 2015; lakini waya wake ungali ukining'inia katika kumbi zetu nyingi. Huchukua picha peke yake, wala hauchukui sauti; basi mwenye kuleta sinema kwa waya huo na asisimame akishangaa mbona watu katika picha ni mabubu. HDMI ni ya tangu mwisho wa mwaka 2002, ina vijino 19, nayo huchukua picha na sauti pamoja. Vitu viwili katika miaka mingi namna hii: je, ni vingi mno kwa mtu aliyeweza kujifunza ngeli zote na kuzifundisha?

Katika USB-C, iliyotolewa mwaka 2014, twakiri kwamba manung'uniko ni ya haki, na lawama ni ya watengenezaji. Matundu mawili yanakaa ubavu kwa ubavu, sura moja kama mapacha; moja hupitisha picha, na la pili halipitishi ila umeme na mafaili. Jicho halitambui. Dawa yake ni kujaribu siku kabla ya kusafiri, si mbele ya watu.

Tena liko kosa la wale wanaodhani wamefaulu. Picha yatoka ukutani, lakini ni picha ya maua tu. Maandishi ya somo yamebaki kwenye kompyuta, na msemaji asoma asichokiona mwingine. Katika kompyuta za Windows, tangu mwaka 2009, yatosha kushika kitufe chenye alama ya Windows na kubonyeza P. Hutokea njia nne: picha ikae kwenye kompyuta peke yake, au ionekane kotekote, au kioo kirefushwe hata ukutani, au ikae ukutani tu. Yule wa maua alikuwa ameichagua njia ya tatu bila kujua. Mtoto wa darasa la nne angejifunza haya kabla ya kengele ya mapumziko.

Na anayetuambia kwamba chaki yatosha, twampa nusu ya haki yake. Yatosha kwa aliyekuja na chaki. Lakini aliyeahidi picha, akatukalisha dakika 40, ndipo akakumbuka chaki, hakuichagua chaki, alikimbilia kwake.

Wenye kumbi nao hawasalimiki. Hutoa fedha nyingi wakanunua projekta, kisha wakaiachia waya mmoja wa zamani, na rimoti wakaifungia. Waya wa HDMI uachwe juu ya meza, na adapta ifungwe hapo kwa kamba, kama wengine wafungavyo kalamu ya posta. Msemaji naye afike nusu saa mapema.

Tumealikwa tena katika ukumbi ule ule, kwa ile sehemu iliyobaki. Tumekwisha peleka barua kuomba ufunguo wa kabati.