Sekunde 8 Bila Kutikisika

Jamani, kama mwenzio ana kamera na mwezi huu anaulizia filta ya ND, usikimbilie kununa. Ni kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, cheusi kweli, utadhani cha mchomelea vyuma. Kazi yake ni moja tu: kupunguza mwanga bila kubadili rangi. (Za bei poa huwa zinabadili, picha nzima inatoka na ukahawia. Hapo msibane hela.)

Mimi naipendea Coco Beach. Jumapili jioni pale huwezi kupata picha ya watu wawili peke yao: mara watoto na mpira, mara muuza mihogo, mara vijana na maboya yao. Sasa chukua ile inayopitisha sehemu 1 tu kati ya 1000 ya mwanga. Picha ambayo ingechukua sehemu 1 ya 125 ya sekunde inachukua sekunde 8. Ndani ya sekunde hizo anayetembea hakai mahali pamoja kiasi cha kuonekana. Anafutika, au anabaki kama moshi. Mawimbi yanalainika kama tui. Muuza mihogo akisimama kuhesabu chenji, basi, naye kaingia. Anayebaki ni aliyetulia.

Na hapo ndipo shughuli ilipo. Mwezi uliopita tulikwenda na mume wangu, siku 2 kabla hajahamia Mwanza kikazi. Stendi ya miguu mitatu tuliizamisha mchangani isitikisike. Tukapanga picha na kufokasi kwanza, tukazima fokasi ya otomatiki, ndipo tukafunga filta. Ikishafungwa, ukichungulia ni giza tupu. Tukaweka taima, akakimbia kuja kusimama nami.

Hebu jaribu kusimama na mumeo sekunde 8 kimya. (Wapo wanaosifia sekunde 30. Hizo waachieni majabali.) Mara ya kwanza alicheka, akatoka na vichwa viwili. Ya tatu nikamwegemea, na hiyo ndiyo dawa, mkiegemeana hamyumbi ovyo. Ya tano mkono wake ukanikaza mgongoni, na hakuna aliyecheka.

Ipo sebuleni. Yeye katoka vizuri kabisa, mimi uso una ukungu kidogo, nilikuwa napumua kwa shida. Anasema akija likizo tuirudie. Nimekataa.