Stori za Jaba Kuhusu Kubrick

Wasee, tuongee ukweli. Kaa base yoyote kutoka Dandora hadi Donholm, na stori ikifika kwa muvi, lazima mtu ataje Stanley Kubrick. Pengine huyo msee hajawahi kuona hata muvi moja ya Kubrick hadi mwisho. Lakini "siri" anazijua zote: ati Kubrick ndiye alishuti wale Wamarekani wakitembea mwezini 1969, ndani ya studio, ati aliungama kwa mafumbo kwenye The Shining, ati alimalizwa 1999 kwa sababu Eyes Wide Shut ilianika Illuminati. Na anaongea kwa sauti ya chini, akicheki kushoto na kulia, kama kwamba kuna mtu wa NIS amejificha nyuma ya kibanda cha smokie.

Mimi napenda stori za jaba kama mtu mwingine yeyote. Lakini hii nataka tuikague, kwa sababu naona inatuibia kitu.

Tuanze na ushahidi wenyewe. The Shining ilitoka 1980. Kuna mtoto anaitwa Danny, na kuna mahali amevaa sweta yenye roketi ya Apollo 11. Halafu kuna chumba cha kuogofya, namba 237. Kwenye kitabu cha Stephen King, chumba hicho ni 217. Wanadai Kubrick alibadilisha namba kwa sababu kutoka hapa hadi mwezini ni maili 237,000.

Inasikika fiti, hadi uiguse. Umbali wa wastani hadi mwezini ni karibu maili 238,900. Na sababu ya kubadilisha namba inajulikana: hoteli ya Timberline Lodge kule Oregon, ile inayoonekana kwa nje kwenye muvi, iliogopa wageni watakataa kulala 217. Haikuwa na chumba 237, kwa hivyo hiyo namba haingeharibu biashara ya mtu. Siri kubwa ya mwezi, kumbe ni landlodi anaogopa nyumba itakosa mpangaji. Sisi wa ploti hiyo lugha tunaielewa vizuri sana.

Na kifo chake? Kubrick alikufa 7 Machi 1999, usingizini, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 70, na siku chache tu zilikuwa zimepita tangu awaonyeshe wakubwa wa studio Eyes Wide Shut. Hapo ndipo watu walipoanza kusema kuna dakika nyingi zilikatwa zikafichwa. Kitu ambacho tunajua studio ilifanya, kila mtu alikiona: toleo la Marekani liliongezewa watu wa kutengenezwa na kompyuta, wasimame mbele ya picha za ngono ili muvi isizuiwe kwa vijana. Wahakiki walilalamika hadharani.

Kuna moja inanichekesha zaidi. Mwaka 2002 Mfaransa William Karel alitengeneza filamu ya mzaha inayoitwa Opération Lune. Ndani unaona Henry Kissinger, Donald Rumsfeld, hata Christiane, mjane wa Kubrick, kama kwamba wanathibitisha hiyo stori ya studio. Mwishoni unaonyeshwa wazi kuwa ulikuwa unachezwa. Lakini vipande vya katikati vinazunguka kwenye simu bila huo mwisho. Mtu alikata kicheko, akabakisha "ushahidi". DJ Afro akiingilia muvi ya Wachina na kuweka maneno yake, kila mtu kibandani anajua hiyo ni chumvi, na ndiyo raha yenyewe. Huyu wa klipu anakuuzia chumvi akikuambia ni sukari.

Na mbinu yao si ngumu, nitakufundisha bure. Nganya za Kayole zimeandikwa 1960. Kubrick alitoa Spartacus mwaka gani? 1960. Spartacus ni stori ya watumwa wanaoasi mabwana wa Roma. Mabwana wa Nairobi wako wapi? Town. Nganya za Kayole kila asubuhi zinaenda wapi zikiwa zimejaa? Town. Kwa hivyo Kubrick alitabiri mapinduzi ya Kayole. Ukinibishia, nitakuambia bado umelala. Ukinyamaza, nitasema umeogopa. Ukileta karatasi inayonionyesha nimekosea, nitasema hiyo karatasi wao ndio waliipanga.

Unaona vile haiwezi kushindwa? Ugonjwa uko hapo. Stori ambayo hata ukiikataa inakuwa imethibitishwa, haijagundua kitu. Inazunguka tu kama gari limekwama kwa matope ya Kariobangi.

Wakati huo mambo ya kweli yanatupita. Vioo ambavyo Apollo 11 waliacha mwezini bado vinarudisha miale ya leza ikirushwa kutoka hapa duniani. Na hapa kwetu, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, setelaiti zilianza kurushwa 1967, miaka miwili kabla ya Apollo 11. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa moja ya NASA ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina Uhuru, kwa sababu ilikuwa siku yetu. Hiyo sijawahi kusikia ikitajwa base.

Lakini sitaki kumcheka anayeamini, kwa sababu hii nchi ndiyo ilitufundisha kushuku. Mwaka 1975 tuliambiwa JM Kariuki yuko Zambia, na kumbe mwili wake ulikuwa umepatikana Ngong. Mwaka 1990 waziri Robert Ouko aliuawa, na tukaanza kwa kuambiwa pengine alijiua. Halafu ikaja Goldenberg: mabilioni ya pesa za umma yakalipwa eti kwa kuuza nje dhahabu na almasi, kwa nchi ambayo dhahabu yake ni ya kutafuta na tochi. Msee wa mtaa akisema "wanatuficha", hana wazimu. Ana historia.

Ila cheki vile hizo siri zilifunguka. JM alitambuliwa mochari, kisha kamati ya Bunge ikahoji watu na kuandika ripoti. Goldenberg ilianza kuvuja kwa sababu David Munyakei, karani wa Benki Kuu, aliona hesabu zisizoeleweka na akatoa makaratasi nje. Hakuona pembetatu wala jicho moja. Aliona risiti. Ilimgharimu kazi, lakini ile karatasi mtu yeyote angeweza kuichukua na kuikagua.

Na usisahau, wenye nguvu nao wanajua utamu wa siri za shetani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifika Bunge 1999, mwaka ule ule Kubrick anakufa, ikisema ibada hiyo ipo, hadi mashuleni. Nchi nzima ikawa inamtafuta shetani chini ya kitanda. Pesa za Goldenberg zilikuwa zimeshaenda.

Sasa jiulize swali moja. Kama mafumbo ya Kubrick ni hatari hivyo, mbona The Shining inachezwa kila mahali kwa zaidi ya miaka 40 na hakuna mtu anashtuka? Wakubwa hawahangaiki na maana iliyofichwa. Wanahangaika na ile inayoonekana. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Aprili 2018 kwa sababu ilionyesha wazi wasichana wawili wa Nairobi wakipendana. Ikabidi korti iingilie ndio ionyeshwe siku saba tu, Septemba mwaka huo. Aprili 2025, wasichana wa Butere walienda tamasha la drama Nakuru na Echoes of War, mchezo kuhusu vijana na watawala wao. Hawakuficha kitu. Polisi walirusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka.

Mwezi huo huo BBC ilitoa Blood Parliament, kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge 25 Juni 2024. Hapa nataka unisikize vizuri. Waliotengeneza hiyo filamu walifanya kile kile ambacho watafuta-mafumbo wanafanya: kusimamisha picha, kurudisha nyuma, kukuza, kulinganisha. Walipitia zaidi ya picha 5,000, nyingi zikiwa za waandamanaji na wanahabari waliokuwa pale. Wakaonyesha ni maafisa gani waliofyatua. Ilikuwa ionyeshwe kwa ukumbi hapa Nairobi, ikafutwa dakika za mwisho.

Tofauti ni nini basi? Wote wanasimamisha picha. Lakini wa Blood Parliament wangeweza kukosea na ijulikane. Saa ya video ingekataa. Kivuli kingekataa. Picha ya pili ya mtu mwingine, kutoka upande mwingine wa barabara, ingekataa. Msee wa 237 hakuna kitu kwa hii dunia kinaweza kumkataza.

Ndiyo maana nasema tunaibiwa. Sisi tumekulia muvi. Tuna macho makali, tuna simu, tuna uvumilivu wa kurudia klipu moja mara ishirini. Hiyo ni silaha. Kuna mama mtaani anataka kujua nani alipiga mtoto wake risasi. Kuna barabara inadaiwa imejengwa na bado tunaruka matope. Na sisi tumeinamia kapeti ya The Shining tukihesabu pembe.

Kwa hivyo kabla usambaze ile klipu, jiulize: ni kitu gani kingenionyesha nimekosea? Ukikosa jibu, hiyo ni stori ya jaba. Ifurahie base, lakini usiiuze kama habari.

Na kama kweli unataka kujua Kubrick alikuwa anasema nini, tafuta Paths of Glory ya 1957. Jenerali Mfaransa anatuma wanajeshi kwa shambulio ambalo haliwezekani. Linafeli. Halafu wanachaguliwa wanajeshi watatu, wanashtakiwa kwa uoga na kupigwa risasi, ili mkubwa asionekane mjinga. Ufaransa haikuonyeshwa hadi 1975, na hakuna aliyehitaji kuisimamisha ndio aelewe kwa nini. Kama kuna mtu kutoka Mathare hadi Kayole atahitaji kufafanuliwa hiyo, aniite.