Jina la Baba ni Amana

Bernice King alizaliwa Atlanta, Marekani, tarehe 28 Machi 1963. Wiki mbili baadaye baba yake, Martin Luther King, alikuwa korokoroni Birmingham. Binti alipotimiza miaka mitano, baba aliuawa. Picha ya mtoto huyo aliyejilaza mapajani mwa mama yake siku ya mazishi ilimpatia mpiga picha Moneta Sleet tuzo ya Pulitzer mwaka 1969. Ulimwengu ulimjua yatima huyu kabla hajajijua mwenyewe.

Angeweza kuishi kwa jina hilo tu. Hata hivyo, alisomea theolojia na sheria Chuo Kikuu cha Emory, akahitimu yote mawili mwaka 1990, akawekwa wakfu kuwa mchungaji. Tangu 2012 anakiongoza Kituo cha King, kilichoasisiwa na mama yake, Coretta.

Mimi humpima kwa mtihani wa 2014. Kaka zake wawili, wakiwa wengi katika bodi ya mirathi, walipiga kura ya kuuza nishani ya Nobel ya 1964 na Biblia aliyosafiri nayo baba yao. Bernice akakataa, akashtakiwa. Mahakama iliamuru vitu hivyo vihifadhiwe chini yake, na shauri likaisha kwa maridhiano mwaka 2016. Hoja ya kaka zake kisheria haikuwa ya kupuuzwa, kwani kura ni kura. Lakini je, kila kilicho halali kuuzwa chafaa kuuzwa? Nakubaliana naye: hakifai.

Simfanyi malaika. Mwaka 2004 alishiriki kuongoza maandamano ya kupinga ndoa za jinsia moja, yakianzia kaburini kwa baba yake, ilhali mama yake alikuwa na msimamo tofauti kabisa. Alikuwa na haki ya kusema lake; kaburi halikuwa na sauti ya kukubali wala kukataa. Amana haiuzwi, na wala haisemewi.

Kwetu pia wapo watoto wa waasisi wanaoomba kura huku wameinua picha ya baba. Ndugu msomaji, tusiwanyime nafasi kwa kuwa wamezaliwa humo, wala tusiwape kwa sababu hiyo. Tuwaulize jambo moja tu: wewe mwenyewe, pasipo picha hiyo, umetenda nini?