Siteremki kwa Frii

Tangu ninunue gari ya gia nimekuwa mtu wa kupewa nasaha. Jirani ananinasihi, muuza samaki ananinasihi, hata kijana ambaye hajapata kushika usukani maishani mwake ana lake la kuniambia. Nyingi nazipokea kwa shukurani, maana mgeni wa klachi hana budi kuwa msikivu. Lakini ipo moja niliyoikataa tangu siku ya kwanza, nayo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi, kwa sababu naona imekwisha kuwa ada hapa kisiwani petu: ati ukifika kwenye mteremko tia frii, uiache gari ijiendee, upate kunusuru petroli.

"Maalim, unachoma mafuta bure," huniambia dereva mmoja wa gari za abiria kila asikiapo injini yangu ikinguruma mteremkoni. Ni mtu mwema, tena ameanza kazi hiyo akiwa kijana mdogo. Nami namheshimu. Walakini nasema amekosea, na kosa lenyewe si la kuchekwa kibarazani likasahauliwa.

Hebu msomaji usiyeijua Pemba nikueleze. Hapa si uwanda. Ni kilima chenye mikarafuu, chini yake bonde la mpunga, kisha kilima tena. Miji yetu mitatu, Mkoani, Chake Chake na Wete, yote imekaa juu ya miinuko, na anayetoka mjini Mkoani au Wete kwenda bandarini huteremka tu. Njia ya zamani ya kutoka Chake kwenda Wete ni makona juu ya makona. Basi dereva wa Pemba anayetia frii kila mteremko, karibu nusu ya safari yake anakwenda na gari isiyoshikwa na kitu ila breki.

Na hapo ndipo penye maneno. Gari ikiwa ndani ya gia, nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Mlango wa hewa umefungwa, pistoni zinavuta na hazipati cha kuvuta, na taabu hiyo yote inarudi kwenye magurudumu kuyazuia. Injini imekuwa breki isiyochakaa. Ukitia frii umeikata kamba hiyo. Gari inashika kasi yenyewe, nawe unabaki na mguu mmoja juu ya kibati kimoja, unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena. Breki zikipata joto jingi hupoteza ukali wake. Majimaji ya breki yakichemka hutoa mvuke, na hapo mguu huzama mpaka chini usikute kitu. Ukikumbuka gia wakati huo, gari imekwisha kushika mwendo ambao gia ya pili haitaki kuingia.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakazima injini kabisa. Hao sijui niwaite nani. Kile kinachousaidia mguu kukanyaga breki hupata nguvu zake kutoka kwenye injini, na injini ikizimwa utapata kukanyaga mara moja au mbili, kisha kibati kinakuwa kigumu kama jiwe. Ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho ukachomolewa, usukani nao hufunga. Yote hayo kwa ajili ya kijiko cha petroli!

Tena hata kijiko chenyewe hakipo. Zamani, magari yalipokuwa na kabureta, hoja hii haikuwa uongo mtupu, kwani kabureta iliendelea kutoa petroli kidogo hata mguu ukiwa umeondoka. Lakini injini nyingi za leo hupuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta. Kompyuta ikiona mguu haupo kwenye mafuta na injini inazungushwa na magurudumu, huikata petroli kabisa, na huirudisha tu mwendo wa injini unapokaribia kuzimika. Ukitia frii, injini haina wa kuizungusha, basi hapana budi ilishwe isife. Kwa hiyo anayeteremka kwa frii akijisifu ameokoa, ndiye anayekula petroli. Na mimi ninayeambiwa nachoma bure, mteremko mzima sikuchoma kitu. Nimemweleza rafiki yangu dereva jambo hili mara tatu. Amecheka mara tatu.

Gari yangu ni Suzuki Carry, kigari cha mizigo chenye injini ya sisi 660, cha namna ambayo sheria ya Japani yaruhusu kibebe kilo 350. Nikikitazama kilivyo chembamba, sioni kwa nini nikipunguzie hata kizuizi kimoja.

Wengine husema, ungenunua otomatiki ukapumzika na habari za gia. Sikubali. Otomatiki nayo ina gia ndogo za kuteremkia, zimeandikwa pale pale kwenye mkono wake, na watu hao hao huzipita wakaiweka kwenye N. Maradhi hayamo kwenye giaboksi. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipotoa giaboksi yenye kifaa cha kusawazisha meno ya gia, kazi ya kubadilisha ikawa nyepesi. Kabla ya hapo dereva alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na aliyepoteza gia mteremkoni alihangaika kuirudisha, basi aliichagua juu kabisa ya kilima, kabla hajaanza kushuka. Wepesi umetuondolea hofu ile, na adabu imeondoka nayo.

Nami nitasema bila kificho mzigo wa lawama naupeleka wapi. Siupeleki wote kwa dereva. Dereva wa gari ya abiria ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni. Ikitimia, kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Petroli anaijaza yeye. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba frii itampa lita moja ya ziada kwa wiki, ataamini, kwa sababu anahitaji kuamini. Tajiri anayejua gari yake inavyoteremshwa na akanyamaza maadamu hesabu imetimia, huyo ndiye ninayemlaumu. Abiria waliobanana ndani hawakuulizwa kama wako tayari kuhatarishwa kwa ajili ya lita hiyo. Wala hakuulizwa mtoto anayetoka skuli na mkoba mgongoni, akivuka chini ya mteremko wakati wa masika barabara ikiwa imelowa.

Lawama nyingine ni ya wanaofundisha. Mwalimu aliyenifundisha mimi alinipeleka kiwanjani, mahali bapa kama sinia, tukazunguka mapipa. Nilitoka pale najua kuondoka, kusimama na kurudi nyuma. Kuteremka hakunifundisha, na kupanda akanipitisha mbio mbio. Kanuni za barabarani za Uingereza, katika kanuni ya 122, zinamwonya dereva waziwazi juu ya kuteremka na frii au klachi iliyokanyagwa. Nchi ile ina tambarare nyingi kuliko kisiwa chetu. Ningekuwa mimi ndiye mtahini, ningemweka mwanafunzi juu ya kilima na gunia nane za karafuu nyuma yake, nikamwambia: haya, nishushe.

Nilichokosa kwa mwalimu nimejitafutia mwenyewe. Baada ya sala ya alfajiri, njia ikiwa tupu, nilikuwa nikichukua mteremko mmoja na kuushuka mara sita, saba. Nilijifunza kuingiza gia ya pili juu, gari ingali polepole, na kuiachia klachi taratibu mpaka nione inashika. Wazee wa udereva wana kipimo chao: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Kipimo hicho hakijaniangusha. Baada ya wiki tatu mkono ulikuwa ukienda kwenye gia kabla sijafikiri, na sikio likijua kwa mngurumo kama gia inatosha au la.

Kesho nina mzigo wa kuteremsha bandarini Mkoani. Nitashuka na gia ya pili, ikinilazimu ya kwanza. Aliye nyuma yangu akiona nachelewa, honi anayo.