Kizuri Chajiuza Kikionekana

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli, lakini imewaponza mafundi wengi waliojifunza wenyewe. Mmoja husuka kikapu chema, mwingine hufinyanga chungu imara, kisha hukiweka kipembeni akingoja mnunuzi abishe hodi. Mnunuzi hafiki, kwa kuwa hana habari.

Mfano wa kuzingatiwa ni wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakusomea uchoraji popote. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam, na baadaye mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa vifaa vya bei nafuu: vibao vyembamba vya dari na rangi za mafuta za kupakia baiskeli.

Tingatinga hakungoja kubishiwa hodi. Alizipeleka picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, walikopita wageni wenye fedha. Vibao vyake vilikuwa vidogo, hata msafiri aliweza kuvichukua bila taabu. Tena alishika mtindo mmoja: mnyama mmoja mkubwa, rangi kali zisizochanganywa. Aliyeona picha ya kwanza aliitambua ya pili bila kuuliza. Hivyo ndivyo wateja walivyoongezeka.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa kuliko yote, aliwafundisha jamaa zake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam, gari alimokuwamo likidhaniwa kuwa la wahalifu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini tu, na kazi yake ya uchoraji ilikuwa haijatimiza miaka mitano. Lau angaliificha sanaa yake, ingalizikwa pamoja naye. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 ushirika wao ukaandikishwa rasmi. Leo jina lake si la mtu mmoja tena, bali ni la mtindo mzima wa uchoraji.

Familia yenye fundi nyumbani, iwe katika vilima vya Mutoyi au katika nyumba za kambi, inaweza kufuata njia hiyo. Kazi ipelekwe siku ya soko, mahali wapitapo watu wengi. Kila kipande kiwe na alama moja ya fundi, nayo isibadilishwe ovyo. Vitengenezwe pia vipande vidogo kwa mteja mwenye fedha kidogo au mwenye safari. Na jioni, mtoto aketi karibu ajifunze, kwani askari huhamishwa, mzazi huugua, lakini ujuzi uliogawanywa haupotei.